Chuo cha kanisa, hela ya nani? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu Bugando, KCMC na fedha za utafiti

Nimefanya kazi kwenye miradi ya utafiti wa afya Kanda ya Ziwa kwa miaka kadhaa, na karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza jambo lile lile, kijijini, kwenye daladala, hata kwenye msiba. Nimeona niyakusanye maswali yote hapa, nijibu ninachokijua. Nitaongelea zaidi CUHAS ya Mwanza, ambayo wengi bado wanaiita Bugando tu, na pale inapobidi nitaruka mpaka Moshi kwa sababu hadithi za vyuo hivi viwili zinafanana sana.

CUHAS ni ya kanisa au ya serikali? Maana pale hospitali naona watumishi wa serikali

Chuo ni cha Kanisa Katoliki, kiko chini ya Baraza la Maaskofu (TEC). Jina lenyewe linasema, ni chuo kikuu kikatoliki cha sayansi za afya. Kilianza 2003 kikiwa chuo kishiriki cha SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na kipo kule kule juu ya kilima ilipo hospitali ya Bugando, ukitoka darasani unaingia wodini.

Hospitali ndo inayowachanganya watu. Maaskofu waliijenga, ikafunguliwa 1971, mwaka uliofuata serikali ikaitaifisha, halafu 1985 ikarudi kwa maaskofu kwa makubaliano. Ni hospitali ya rufaa ya kanda, ina vitanda kama 900, na kwa kuwa inahudumia wananchi wote serikali inalipa mishahara ya watumishi wengi pale. Kwa hiyo unaweza kukuta daktari analipwa na serikali, anatibu kwenye jengo la kanisa, anafundisha mwanafunzi wa chuo cha kanisa, na mchana anasimamia mradi unaolipwa na Marekani, na ni mtu mmoja huyo huyo. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya ukurasa huu.

Na KCMC?

KCMC ya Moshi ni ya Shirika la Msamaria Mwema, ni shirika la Kikristo, na KKKT ndo iko mbele. Hospitali ilifunguliwa Machi 1971, chuo kikaanza 1997, wengi wanakijua kama KCMUCo ingawa siku hizi kinaitwa KCMC University. Wana pia taasisi yao ya utafiti, KCRI. Kule Ifakara nako kuna chuo cha afya cha Mtakatifu Fransisko, ni cha Wakatoliki pia.

Kwa hiyo hela ya utafiti ni sadaka zetu?

Hapana. Hili naulizwa na waumini kabisa, tena kwa uchungu, mtu anasema sisi tunachangishwa kila Jumapili halafu nasikia wanapima mikojo ya watu kule Misungwi. Ndugu yangu, sadaka yako haijaenda kununua kipimo cha mkojo. Utafiti wa afya ni ghali mno kulipwa na kikapu cha sadaka. Mradi mmoja wa kati, wenye gari, nesi watatu, mtu wa maabara, mtu wa data na vipimo, unakula kwa mwaka mmoja hela ambayo jimbo dogo haliwezi hata kuiota.

Kanisa linachotoa ni kitu kingine, na mimi naona watu hawakipi uzito wake. Linatoa ardhi na majengo, linatoa hospitali yenye wagonjwa halisi, na linatoa uaminifu. Huo wa mwisho hauuzwi dukani. Ukifika kijiji cha pembeni ya ziwa ukasema umetoka Bugando, mama anakufungulia mlango kwa sababu mwanae alizaliwa pale au mumewe alifia pale akiwa anahudumiwa vizuri. Mtafiti akitua kutoka ng'ambo na begi lake tu anaweza kukaa miezi sita hajapata mlango kama huo.

Sasa inatoka wapi?

Kwa sehemu kubwa nje. Kuna NIH, yaani taasisi za taifa za afya za Marekani. Kuna mfuko wa Wellcome na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza. Kuna EDCTP, mpango wa nchi za Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba ulioanza 2003. Kuna mfuko wa Gates, na kuna vyuo vya Ulaya vinavyokuja na hela za serikali zao.

Ila hela haidondoki tu. Nyuma ya kila granti, yaani fungu la hela ya mfadhili, kuna urafiki wa miaka mingi kati ya watu. Bugando na Chuo Kikuu cha Cornell cha New York kwa mfano, mmoja wa watu waliounganisha ni padri wa Maryknoll, shirika la wamisionari Wakatoliki wa Marekani, ambaye pia ni daktari, Peter Le Jacq, alisoma udaktari Cornell kisha akaja kufanya kazi Mwanza. Chuo kilipoanza, urafiki huo ukakipa walimu, na kwa muda kikaitwa Weill Bugando, kwa jina la familia ya Weill ambayo ndo iliyokifadhili chuo cha udaktari cha Cornell. Mwaka 2004 ikaanzishwa Touch Foundation huko Marekani, ikachangia chuo na hospitali. Hiyo haikuwa hela ya utafiti, ilikuwa ya kufundisha watu, lakini bila walimu na maabara hakuna mtu wa kuandika prapozo, yaani andiko la kuomba mradi, kwa hiyo utafiti uliota juu ya hiyo misingi.

Moshi ni vile vile na Chuo Kikuu cha Duke, wako pamoja tangu miaka ya tisini. Mwaka 2010 Marekani ilianzisha mpango wa MEPI wa kuimarisha vyuo vya udaktari Afrika, dola milioni 130 kwa miaka mitano, ukapelekwa kwenye vyuo 13 katika nchi 12, na chuo cha KCMC kilikuwa kimojawapo. Chuo cha kanisa kwenye mteremko wa Kilimanjaro kikakaa meza moja na vyuo vikubwa vya serikali za Afrika, na kilistahili.

Nimesoma mradi umepata dola milioni mbili. Mbona dari la wodi bado linavuja?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na ndo linalonikera kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Hela ya granti si mali ya chuo. Ni mali ya swali. Mfadhili amekubali kulipia swali moja, mfano je dawa hii ikitolewa mara mbili kwa mwaka inasaidia zaidi ya mara moja, na kila shilingi imeshapangiwa kazi kabla haijafika. Kuna mstari wa mishahara, mstari wa vipimo, mstari wa mafuta ya gari, mstari wa nauli za washiriki, mstari wa vocha za kuwapigia. Ukihamisha hela ya vipimo ukaezeka dari, mkaguzi akija ni wizi, hata kama dari linamvujia mgonjwa kichwani, na chuo kinaweza kuzirudisha na kufungiwa.

Halafu mara nyingi ile milioni mbili haiji yote. Granti kuu inakuwa ya chuo cha nje, halafu sisi tunapewa sabawodi, yaani kipande. Mishahara ya maprofesa wa kule inakatwa kule kule, uchambuzi wa vinasaba unafanyika kule kule, kinachovuka bahari kinaweza kuwa nusu au chini ya nusu.

Sasa dari lilitakiwa kutoka wapi? Kuna fungu linaitwa gharama zisizo za moja kwa moja, watu wa ofisini wanaita ovahedi. Ndo hela ya umeme, maji, walinzi, wahasibu, intaneti, jenereta, jengo. Kwa miaka mingi NIH imekuwa ikivipa vyuo vya nje ya Marekani asilimia 8 tu, wakati vyuo vingi vya kwao vinapata asilimia hamsini na kitu. Piga hesabu mwenyewe. Chuo chetu kikipewa kipande cha dola 500,000 kwa miaka mitano, asilimia 8 ni dola 40,000, gawa kwa tano ni 8,000 kwa mwaka, na hapo sijatoa vifaa vikubwa ambavyo havihesabiwi kwenye asilimia. Hiyo 8,000 ilipe mhasibu anayeandaa ripoti za huo mradi, ilipe mkaguzi wa nje, ilipe umeme wa friza zinazokaa nyuzi 80 chini ya sifuri usiku na mchana, ilipe dizeli kila umeme ukikatika. Kabla hujafika kwenye dari imeshaisha, na tofauti inalipwa na nani? Inalipwa na hospitali na chuo, yaani kwa njia ya mzunguko kanisa na serikali ndo wanaoifadhili NIH, na si kinyume chake. Nikilisema hivi kwenye vikao watu wanacheka, mimi sitanii.

Maaskofu wanaamua kitafitiwe nini?

Askofu hakai kwenye kamati akasema pima hiki usipime kile. Prapozo inapita kwenye kamati ya maadili ya chuo na hospitali, halafu inaenda kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ikiwa ni jaribio la dawa au chanjo inapita na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kama kuna mtafiti wa kigeni lazima awe na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Hizo kamati zinaangalia usalama, ridhaa, faida kwa jamii. Mafundisho ya kanisa yapo, chuo ni cha kikatoliki na hakijifichi, kwa hiyo kuna mambo hakitayafanya chini ya paa lake, ila UKIMWI, magonjwa ya zinaa, afya ya wajawazito, vyote vimefanyiwa kazi pale miaka yote.

Na kuna mahali dini imesaidia sayansi waziwazi. Kwenye vijiji vya Kanda ya Ziwa tohara ya wanaume ilikuwa inatolewa bure ili kupunguza maambukizi ya VVU, lakini wanaume walikuwa hawaendi, wengine wanasema ni ya Waislamu, wengine wanasema Paulo aliandika kwamba tohara si kitu. Timu ya Mwanza na Cornell, akiwemo Jennifer Downs na watafiti wetu, wakafanya jaribio kwenye vijiji 16. Vijiji nane viongozi wa makanisa walipewa semina, wakafundishwa tiba na maandiko pamoja, wakaachiwa waongee na waumini wao wanavyojua. Vijiji nane vingine huduma ikaenda kama kawaida. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2017: kwenye vijiji vya semina waliotahiriwa walikuwa karibu asilimia 53, kwingine karibu 30. Siku moja ya semina kwa mchungaji, na vikao vya kila wiki mbili baada yake, vilifanya kazi ambayo mabango na magari ya matangazo hayakuifanya. Mimi nikisikia mtu anasema dini na utafiti havikai chumba kimoja namtajia hili tu.

Mimi ni Muislamu, naweza kusoma au kufanya kazi pale?

Ndiyo. Wapo wengi, wa dini zote, wanafunzi na walimu. Mshiriki wa utafiti haulizwi dini labda kama swali la utafiti lenyewe linahusu dini.

Utafiti wote huu umetuletea nini sisi wa kawaida?

Nitataja vitatu ninavyovijua vizuri.

Cha kwanza ni homa. Moshi, watafiti wa KCMC na Duke, kwa hela ya NIH, walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa, watoto na watu wazima, wakawapima kila kitu. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 ya wagonjwa. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Soma tena hizo namba taratibu. Watu walikuwa wanakunywa dawa ya malaria huku wanaumwa magonjwa mengine kabisa, mengi ya bakteria, na mengine yanatoka kwa mifugo, brusela, homa ya mgunda, homa ya Q, ambayo hakuna aliyekuwa anayafikiria kwenye jamii inayoishi na mbuzi na ng'ombe ndani ya boma. Ilichapishwa 2013. Ukienda hospitali leo ukaambiwa subiri tupime kwanza usikasirike, kuna watu walilala kwenye vile vitanda wakatoa damu ili wewe upimwe.

Cha pili ni vyandarua. Mbu wetu wamezoea dawa ya kawaida ya kwenye chandarua, wanatua na kuondoka. Muleba, mkoani Kagera, watafiti wa NIMR, KCMC na shule ya tiba za kitropiki ya London walijaribu vyandarua vyenye PBO, kiongezeo kinachoipa nguvu ile dawa ya kawaida, na kwa sababu ya matokeo yale WHO, Shirika la Afya Duniani, ikavipendekeza mwaka 2017. Halafu wakaja Misungwi, hapa hapa Mwanza, jaribio kubwa la aina nne za vyandarua, likilipwa na Uingereza. Baada ya miaka miwili, watoto waliokuwa na vimelea kwenye vijiji vya chandarua cha kawaida walikuwa asilimia 45.8, na kwenye vijiji vya chandarua kilichoongezwa dawa nyingine ya mbu, klofenapa, asilimia 25.6. Mwandishi wa kwanza wa ile ripoti ya 2022 ni Mtanzania, Jacklin Mosha wa NIMR Mwanza. Machi 2023 WHO ikatoa pendekezo rasmi, na sasa vyandarua hivyo vinagawiwa nchi nyingi za Afrika. Vijiji vya Misungwi vimesaidia watoto ambao hawatajua kamwe Misungwi iko wapi.

Cha tatu ni kichocho, na hiki nakijua kwa mikono yangu. Unafika kijijini mapema lakini mkojo unauchukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndo muda mayai yanatoka kwa wingi. Unamwambia dada atembee kidogo au aruke ruke kabla. Unatikisa kikombe, unavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, unasukuma taratibu kupitia kichujio kidogo kama kifungo cha shati, unakitoa kwa koleo unakiweka kwenye kioo, unaangalia kwenye hadubini. Yai lake ni refu kama mbegu, na lina mwiba mmoja mwishoni. Mara ya kwanza ukiliona hulisahau. Watafiti wa Bugando na Cornell walipima wanawake 457 kwenye vijiji 8 vya ukanda wa ziwa, wakakuta waliokuwa na kichocho cha njia ya mkojo na uzazi, asilimia 17 walikuwa na VVU, na wasiokuwa nacho asilimia 6. Yaani yule mdudu wa majini anaacha vidonda ndani ya mwanamke na inaonekana anaifungulia VVU njia. Mwanamke anaenda hospitali anaambiwa ana ugonjwa wa zinaa, mume anamfukuza, kumbe alikuwa anafua nguo bwawani. Dawa yake ni prazikwanteli, vidonge vya bei ndogo.

Nikishiriki utafiti nalipwa?

Hulipwi, unarudishiwa nauli na muda wako kidogo, kiasi ambacho kamati ya maadili imekubali. Kikiwa kikubwa sana kinakuwa hongo, mtu anakubali kwa njaa si kwa ridhaa. Soma fomu ya ridhaa au usomewe kwa Kiswahili, na kama ni Kisukuma ndo unakielewa zaidi omba. Ukitaka kujitoa katikati unajitoa, hunyimwi matibabu.

Damu zetu mnazipeleka wapi? Nasikia zinauzwa

Haziuzwi. Hofu hii naiheshimu kwa sababu haikutoka hewani, Kanda ya Ziwa tuna hadithi zetu za damu na watu wakubwa. Sampuli ikitoka nchini lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli, NIMR wanaupitia, unasema zinaenda wapi, zitapimwa nini, zikibaki zinafanywaje. Swali la kuuliza kwenye mkutano wa kijiji ni hili: kwa nini kipimo hiki hakiwezi kufanyika hapa? Uliza bila aibu. Kila mwaka vitu vinavyoweza kufanyika Mwanza na Moshi vinaongezeka, na swali lako linawasukuma waombe mashine badala ya kuomba boksi la barafu kavu.

Mwaka 2025 ilikuwaje? Miradi mingi ilifungwa?

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, ikaja na agizo la kusimamisha kazi, na kufika tarehe 1 Julai USAID, shirika lao la misaada, ikawa imekwisha kabisa. Utafiti wa NIH ulikuwa fungu tofauti, watu wakadhani wamepona, halafu tarehe 1 Mei NIH nayo ikatangaza kwamba haitatoa granti mpya wala kuendeleza za zamani zikiwa na sabawodi za nje mpaka utaratibu mpya uwepo. Kumbuka nilivyosema juu, vyuo vyetu vinaishi kwa sabawodi.

Nilikuwa kwenye mradi mmoja, sitausema wala wa nani. Barua pepe ya kusitisha iliingia usiku wa kwao, kwetu ni asubuhi, na tulikuwa tumeshapanga wamama kwenye benchi, wengine wametembea tangu alfajiri. Mratibu alitoka nje akasimama mbele yao akanyamaza muda mrefu. Tulichanga mifukoni tukawalipa nauli. Mama mmoja akaniuliza, mwanangu, kwa hiyo majibu yangu ya wiki iliyopita nayo yamefungwa? Sikuwa na la kumjibu siku ile. Majibu yake nilimpelekea baadaye kwa bodaboda, nje ya kazi.

Chuo kilichokuwa na wafadhili wa nchi moja kiliumia kuliko chenye wa nchi nne. Ndo somo ambalo wakuu wa idara walilipata kwa gharama, na sasa ukipita ofisini unakuta prapozo za Ulaya, Uingereza, Kanada, zinaandikwa usiku.

Kwa nini serikali yetu isilipe?

Inalipa kidogo. COSTECH ilianzishwa kwa sheria ya 1986 na ina mfuko unaoitwa MTUSATE, na vyuo binafsi navyo vinaweza kuomba. Nchi za Afrika zilishakubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na ni nchi chache mno zimeifikia. Mimi siombi miujiza. Ninaona kabisa kuna maswali ambayo mfadhili wa nje hatayalipia kamwe kwa sababu hayamhusu. Presha ni mfano mzuri. Bugando walishaonyesha tangu 2013, wakiongozwa na Robert Peck na wenzake, kwamba magonjwa yatokanayo na presha ni miongoni mwa yanayoua zaidi wodini, na kwa miaka mingi hela ilikuwa kwenye VVU, kwa hiyo presha ilibidi ijibebe mgongoni mwa VVU, wanapima presha za watu wenye VVU ili mfadhili akubali. Bibi mwenye presha asiye na VVU hakuwa na mradi wake. Na kuumwa na nyoka? Na mama mjasiriamali wa dagaa anayevuta moshi siku nzima? Hayo ni maswali yetu, na mwenye swali anatakiwa aweke japo mchango wa kwanza mezani. Hata kanisa, kwa harambee ninazoziona za kujenga minara, nadhani haliwezi kushindwa kutenga kamfuko kadogo ka vijana watafiti kila mwaka. Nimelisema mbele ya mapadri, wakalipokea vizuri, nasubiri.

Niko mastazi, napataje hela ya disetesheni?

Njia ya haraka ni kujishikiza kwenye mradi mkubwa uliopo. Mfuate PI, yaani mtafiti mkuu wa mradi, mwambie nina swali dogo linaloweza kukaa ndani ya sampuli zenu, usiende na mikono mitupu, nenda na ukurasa mmoja. Miradi mingi ina fungu la kusomesha. Tazama pia tangazo za COSTECH. Na omba ruhusa ya kamati ya maadili mapema, nimeona watu wamepoteza muhula mzima kwa kudhani inatoka ndani ya wiki mbili.

Kazi za utafiti zina usalama?

Hazina. Mkataba unaisha na mradi, mara nyingi mwaka mmoja mmoja. Mshahara ni mzuri kuliko sehemu nyingi, ndo maana manesi wazuri wanavutwa kutoka wodini, na hilo nalo ni jeraha ambalo hatuliongelei vya kutosha. Ukiingia, jifunze kitu utakachoondoka nacho, hadubini, data, maadili, kuandika.

Mradi ukiisha sampuli zinaenda wapi?

Zinabaki kwenye friza, kwa miaka ile ambayo kibali kimesema, na mstari wa umeme kwenye bajeti unakuwa umeshafungwa. Kwenye maabara moja ninayoifahamu kuna friza ya mradi uliokwisha zamani, wazungu walishaondoka, wafanyakazi walishatawanyika, mmoja anauza vifaa vya simu. Ndani kuna seramu za watu wa visiwani, boksi kwa boksi, namba kwa namba. Umeme ukikatika usiku, mlinzi wa hospitali anawasha jenereta, na mtu wa maabara aliye zamu anapita na tochi kusoma nyuzi na kuziandika kwenye daftari, ingawa hakuna anayemlipa kwa friza hiyo. Mlangoni amebandika karatasi kwa plasta ya vidonda, ameandika kwa kalamu nene: USIZIME, NI ZA WATU.